Saa ya Mikoko Ndiyo Saa ya Pweza
Mjadala kuhusu wanaojitolea kuhifadhi pwani

Kwenye pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Gazi hadi Vanga mpakani na Tanzania, vikundi vya kulinda mikoko ni vingi. Karibu vyote vinaishi kwa nguvu za watu wa kujitolea, na kila kikundi kina mtu mmoja aliyetwikwa kazi ya kuwapanga: kuwaita, kuwagawia kazi, kuwaandika daftarini, na kuwatazama usoni wanapouliza, "Sisi tutapata nini?" Kikaoni swali hilo hunong'onwa. Njiani kurudi nyumbani huulizwa kwa sauti.

Hapa linaulizwa mbele ya watu. Wasemaji watano wanaofuata nimewabuni, na kikundi chao hakina jina. Mratibu ni mwanamke wa kijijini aliyesoma akarudi. Mzee alikuwa mvuvi, sasa ni mshauri wa kamati. Mama huchuma riziki mwambani. Kijana amemaliza kidato cha nne na anajitolea akisubiri kazi. Mtaalamu ni mtu wa misitu. Hoja iliyowekwa mezani ni moja: wanaojitolea kuhifadhi mikoko wasilipwe chochote.

Kazi ya kijiji ina bei?

MZEE: Mimi naiunga mkono hoja, wala sitaficha. Posho imetuharibia watu. Zamani kisima kikifukiwa na mchanga, mbiu ililia jioni, na alfajiri watu walikuwa hapo na majembe yao. Wenzetu wa Upare na Usambara, kule Tanzania, wana msaragambo, kazi ya pamoja. Mfereji na barabara hutengenezwa kwa mikono ya wenyeji. Mkoko huvunja nguvu za mawimbi, na kwenye mizizi yake ndimo wanamokulia kamba na samaki wachanga. Anayeulinda anajilindia mwenyewe. Mtu ukimlipa ili atunze kilicho chake, siku malipo yakikatika atakiona si chake tena.

MAMA: Mzee, kisima mlikifukua siku moja, na maji mkayanywa jioni ile ile. Mikoko tunaitwa mwezi baada ya mwezi, na faida yake labda aione mjukuu wangu. Lakini tuliache hilo, tuzungumze kuhusu saa. Mlilana unapandwa wapi?

MZEE: Chini kabisa, upande wa bahari.

MAMA: Na huko chini kunaonekana lini?

MZEE: Maji yakikupwa sana. Bamvua.

MAMA: Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Na bamvua huku kwetu maji hukauka asubuhi, saa nne, saa tano. Sasa Mzee, umenijua tangu sijaolewa. Saa hiyo mimi huwa wapi?

MZEE: Mwambani.

MAMA: Mwambani, nachokoa pweza. Siku za bamvua ni chache katika mwezi, nazo ndizo zinazolipa karo na deni la dukani. Kwa hiyo Bi Mratibu akiniita nikapande, asidhani ananiomba muda wangu wa kupumzika. Ananiomba pweza.

MRATIBU: Hilo ndilo fundo la kazi yangu. Watu wa ofisini hupenda Jumamosi, lakini bahari haina Jumamosi. Ukiwaita watu Jumamosi ya maji mafu, saa nne maji yamejaa, na wageni wamesimama ufuoni na fulana zao mpya hawana pa kukanyaga. Ndiyo maana ratiba yangu naiandika kwa jedwali la maji kujaa na kupwa. Nikifanya hivyo, nagongana na mwamba. Kila siku nzuri ya kupanda chini ni siku nzuri ya pweza. Halafu kuna Ijumaa, kuna mwezi wa Ramadhani, kuna mvua za masika, wakati ambapo kila mtu yuko shambani. Ukiziondoa siku zote hizo, zinazobaki ni chache.

MTAALAMU: Si mikoko yote inayotaka maji makavu kiasi hicho. Mlilana uko mbele, unaitazama bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na juu karibu na nchi kavu mchu, ingawa mchu utauona pia upande wa bahari. Maeneo ya juu yanafikika hata siku zisizo za bamvua. Mratibu anayejua mpangilio huo anaweza kumwacha Mama na pweza wake, kisha akamwita wiki ya maji mafu kwa kazi ya juu au ya kitalu.

MAMA: Hapo umesema. Mimi sikatai kazi. Nakataa kuitwa saa ambayo mwitaji hajauliza ina thamani gani kwangu.

KIJANA: Na sisi ambao hatuna pweza? Watu wakitutazama wanaona saa zetu hazina bei. "Muite yule, hana kazi." Kwa sababu sina kazi, basi niifanye kazi ya kila mtu bure.

MZEE: Mwanangu, ukikaa kijiweni utalipwa na nani?

KIJANA: Hakuna, babu. Lakini kijiweni hakuna anayeniambia nirudi kesho saa kumi na mbili.

Wa semina hupewa bahasha, wa topeni huambiwa moyo

Mama na Kijana wameligusa jambo ambalo mashirika hulikwepa. Mtu aliyekaa siku nzima hotelini akisikiliza mafunzo ya uhifadhi hurudi na nauli, chakula na posho ya kikao. Aliyeshinda topeni akipanda kile kilichozungumzwa hotelini hushukuriwa kwa moyo wake wa kujitolea. Nilimtaka Mzee alijibu hilo kabla hatujasonga.

MZEE: Ya hotelini siitetei. Nayo ingeondolewa. Ubaya haurekebishwi kwa kuugawa sawasawa.

MAMA: Basi waanze wao kuondoa, kisha waje kwetu.

MTAALAMU: Mzee anasema malipo huua moyo. Nimkumbushe Wangari Maathai. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakuwaambia wanawake wapande kwa upendo wa miti tu. Walipewa malipo madogo, senti chache, kwa kila mche uliopandwa ukashika. Hawakulipwa kwa kuhudhuria wala kwa kuchimba shimo. Vuguvugu hilo limepanda miti zaidi ya milioni 50, na mwaka 2004 yeye akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Zile senti hazikuwafanya wanawake wauache msitu. Baadhi yao walikuja kusimama naye mbele ya polisi, na kule hakuna aliyelipwa.

MZEE: Senti chache si mshahara. Zilikuwa shukrani.

MTAALAMU: Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kulikuwa na kitu mkononi. Sasa tunabishana kuhusu kiasi.

MZEE: Unanitega. Kiasi ndicho kila kitu. Chukua mfano wa kasa. Kule Watamu, shirika lililoanza kuwalinda mwaka 1997 huwapa wavuvi fidia ndogo wanapopiga simu kwamba kasa amenaswa wavuni, ili apimwe na kurudishwa baharini. Fidia hiyo ikiwa kubwa, kesho utaona nyavu zinatafuta kasa.

MTAALAMU: Na ikiwa hakuna kabisa, kasa ataishia sufuriani. Fidia iliyopimwa vizuri inarudisha muda wa mvuvi na gharama yake ya simu, basi. Haimfanyi tajiri, haimfanyi mjinga.

MRATIBU: Nami naona tunachanganya mambo matatu na kuyaita yote kujitolea. La kwanza ni gharama. Mtu ametoka kijiji cha pili kwa bodaboda, ameshinda na njaa, ameukanyaga mwamba wenye chaza bila viatu akakatika. Kumrudishia nauli, kumpa chakula na gambuti si kumlipa. Ni kuhakikisha kwamba hakuchangia fedha juu ya nguvu zake. La pili ni kazi yenye zamu: kumwagilia kitalu, kulinda miche isiliwe na mbuzi, kwenda doria, kuhesabu miche iliyoshika. Kazi hiyo haisubiri mtu ajisikie. La tatu ni siku ya kijiji, tunapotoka wote mara moja. Mzee anaitetea ya tatu, na anadhani ametetea zote.

MZEE: Na wewe ukilipa ya pili, ya tatu itakufa. Watu watasema, "Kwani yule wa kitalu si analipwa? Mwacheni apande."

MRATIBU: Watasema hivyo ikiwa hawajui analipwa kiasi gani na kwa kazi gani. Wakijua, hawatasema.

KIJANA: Mimi niko kwenye hiyo ya pili. Nakwenda kitaluni asubuhi na jioni. Nikiuliza, naambiwa nafasi ikipatikana nitafikiriwa. Mtu wa nje akija ameajiriwa tayari, mimi nampa maelekezo, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayepokea. Sisemi nilipwe kama yeye. Nataka nijue najitolea hadi lini. Miezi mitatu? Sawa. Nipewe barua inayosema nimejifunza nini, na nafasi ikitoka jina langu lisomwe kwanza. Kungoja kusiko na mwisho si kujitolea.

MZEE: Hilo la barua na muda silipingi.

Hesabu ya kupanda na hesabu ya kuota

Mjadala ungeishia kwenye mifuko ya watu kama Mtaalamu asingeugeuza. Kwake swali la malipo haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza kazi inayofanywa ina maana gani kwa msitu.

MTAALAMU: Tunabishana nani alipwe kwa kupanda, ilhali sehemu nyingine hazikupaswa kupandwa kabisa. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa nguvu sana. Watafiti waliporudi kukagua maeneo 23, maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliosalia. Miche iliwekwa mahali pasipoifaa, maji yakiwa mengi mno au machache mno, au mche wa aina moja ukapandwa mahali pa aina nyingine. Watu walijitolea kweli, jasho lilitoka kweli, na msitu haukuwepo.

MRATIBU: Na mkoko ndio unaopendwa kwa sababu ni rahisi. Mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini. Unaiokota, unaichomeka kwenye tope, unapiga picha. Mlilana unataka kitalu na uvumilivu. Mgeni mwenye saa mbili atachagua mkoko kila siku.

MAMA: Wageni hao ndio wanaopanda njia tunayopita kwenda mwambani. Wakiondoka, miche inakufa au inatuziba. Hakuna aliyetuuliza.

KIJANA: Lakini wakija wanaleta pesa, mama. Wananunua chakula kwenu, wanalipa mwongozaji. Siku wakija kikundi kinapumua.

MTAALAMU: Na shinikizo halitoki kwa wageni tu. Serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kwa bahati siku hiyo mwezi ulikuwa unaandama, maji ya asubuhi yakakupwa vizuri. Mtu wa pwani angeona bamvua. Aliyepanga tarehe alikuwa na kalenda ya nchi nzima mbele yake, na bara hakuna bamvua. Lengo likiwa idadi ya miche iliyopandwa, mratibu atasukumwa apeleke watu wengi, haraka, popote.

MRATIBU: Tena msitu wenyewe si wetu tu. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Jamii ina nafasi yake kupitia vyama vya misitu vilivyotambuliwa na sheria ya 2005, kisha ile ya 2016, lakini huwezi kuamka asubuhi na watu hamsini ukaingia kupanda bila ya kibali na mpango. Kampuni ikinipigia simu Alhamisi inataka kupanda Jumamosi, jibu langu ni kazi nyingine. Wajaze vifuko kitaluni, waokote plastiki, au wapande mivinje nchi kavu. Mvinje ukikua unatoa fito na nguzo, na mtu aliyekuwa akiingia mikokoni kutafuta boriti anapata pengine pa kukata.

MZEE: Na wakikataa? Wanataka picha topeni.

MRATIBU: Basi wachangie mshahara wa atakayeihesabu miche yao baada ya mwaka. Picha ina gharama yake.

MAMA: Hapo hata mimi nitawapikia wali.

MTAALAMU: Mimi ningefanya kipimo kiwe kimoja kwa wote, wa kijijini na wa mjini: miche iliyo hai baada ya miezi kumi na miwili. Ukipima hivyo, mara moja unagundua kwamba mtu muhimu kuliko wote ni yule anayerudi kila wiki kuangalia, wala si wale mia waliokuja asubuhi moja. Na yule anayerudi kila wiki ndiye Kijana, ambaye hatujamlipa.

Mfereji wa maji hauchagui mnywaji

Hakuna anayeweza kubishana kuhusu mikoko ya pwani hii bila ya kufika Gazi. Katika miaka ya 1970 miti ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki tupu miaka mingi. Upandaji ulianza katika miaka ya 1990, ukisaidiwa na watafiti wa taasisi ya bahari ya KMFRI yenye kituo pale pale. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, vilianza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta zipatazo 117 za msitu. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule, na mwaka 2017 mradi ukatunukiwa Equator Prize ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaifuata njia hiyo kwa hekta 460.

MZEE: Mnaona? Gazi fedha haziendi mfukoni mwa mtu, zinakwenda kwenye bomba na vitabu. Ndivyo ninavyotaka. Jasho la wote, faida ya wote.

MAMA: Maji ya bomba ni neema, sitayasema vibaya. Lakini jirani yangu hajawahi kukanyaga tope, na ndoo yake inajaa sawa na yangu. Na huyo jirani siku ya bamvua alikuwa mwambani. Amepata pweza na maji. Mimi nimepata maji.

MZEE: Hiyo ndiyo sadaka, mwanangu. Ukiipigia hesabu, haiwi sadaka tena.

MAMA: Sadaka hutoa mwenye nacho, Mzee. Tena hutoa kwa hiari yake, hapangiwi zamu.

KIJANA: Kuna jambo jingine. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa mradi wa kaboni wa ardhini unatakiwa uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Jamii ni nani? Ni kamati? Ni wenye ukoo mkubwa? Au ni aliyesimama topeni?

MTAALAMU: Jamii ni wote. Aliyesimama topeni anadai kwa njia nyingine, kwa kazi aliyofanya. Ukiyachanganya madai hayo mawili, mmoja atadhulumiwa. Bomba liwe la wote. Mlinzi wa kitalu alipwe kabla ya kugawa cha wote, kama vile fundi wa bomba alivyolipwa. Hakuna aliyemwambia fundi afunge bomba la kijiji kwa sadaka.

MZEE: Fundi alitoka Mombasa.

MAMA: Ndiyo kusema, Mzee, mtu wa nje analipwa na mtu wa hapa anajitolea?

Mzee alicheka, lakini hakujibu. Mratibu ndiye aliyechukua neno.

MRATIBU: Naomba niseme linalonitia hofu kuliko malipo. Ni daftari. Ukianza kurudisha nauli, kesho utaona majina ya watu ambao hawakuja. Utaona mtoto wa mjumbe ameandikwa kwenye siku tatu, na ndugu ya mwenyekiti yuko kwenye kila semina. Sisemi ni kwetu. Nasema ndivyo kila daftari linavyojaribiwa. Nimeona vikundi vikifa si kwa kukosa fedha, bali kwa watu kunong'onezana kuhusu fedha ambazo hawajui ni kiasi gani. Kwa hiyo dawa yangu ni ya zamani. Kila mwezi daftari lisomwe barazani, jina kwa jina, siku kwa siku, shilingi kwa shilingi. Anayepinga asimame pale pale.

MZEE: Ukisoma hivyo, mimi nitaketi mbele. Na hata hiyo posho yako nitaivumilia.

MAMA: Na mimi nisomwe kwamba sikuja siku ya bamvua, na sababu isomwe pia.

Upande ninaosimama

Hoja iliyowekwa mezani naikataa, lakini sikubaliani na kila aliyeipinga. Mzee yuko sahihi kwamba kuna kazi ambayo bei yake ikitajwa inaharibika. Siku ya kijiji, inayochaguliwa na kijiji chenyewe kwa mwezi wake na maji yake, bila bango la mfadhili na bila bahasha, ibaki bure. Ni siku ambayo tajiri na maskini wanatoa kitu kile kile, asubuhi moja, na kila mmoja anaweza kukosa bila ya kuulizwa. Siku kama hiyo ikianza kulipwa, itakuwa kibarua cha bei nafuu, na kijiji kitapoteza mkutano wake pekee usio na ajenda.

Mzee anakosea anapotaka uadilifu wa siku hiyo moja uyafunike mengine yote. Asubuhi ya bamvua ya Mama ina bei inayojulikana sokoni. Zamu ya Kijana ni ajira iliyonyimwa jina. Anayewapanga watu hana ruhusa ya kujifanya hajui mambo haya, maana ndiye anayeishika ratiba, na ratiba ndiyo inayoamua nani atoe nini. Kabla ya kumwita mtu, kazi ya kwanza ya mratibu ni kujua saa anayoiomba ingefanya nini kama asingeiomba. Kwa mwenye mshahara mjini, saa ya Jumamosi ni burudani. Anaweza hata kuchangia ili aje. Kwa mwanamke wa mwambani, saa ya bamvua ni chakula. Kuwaita wote wawili "wanaojitolea" na kuwapa shukrani ile ile ni kumtoza maskini zaidi.

Kwa hiyo gharama irudishwe kwa kila aliyekuja, kwa kiwango kimoja kilichotangazwa. Kazi ya zamu iwe na malipo, muda na barua. Wageni wapewe kazi inayofaa siku waliyokuja, si siku ibadilishwe ifae picha. Daftari lisomwe barazani.

Limebaki pingamizi moja ambalo Mzee alilitoa tukiwa tumeshasimama kuondoka, nalo ndilo zito kuliko yote: "Na fedha zikiisha?" Ufadhili huja kwa miaka miwili, mitatu, kisha hukatika. Kikundi kilichozoea kulipa zamu kitafanya nini mwaka wa nne?

Jibu langu halitampendeza mtu anayeandika ripoti. Kisipokuwa na fedha za mlinzi wa kitalu, kisifungue kitalu. Kazi ipungue, malipo yasigeuzwe ghafla kuwa moyo. Na kupunguza kazi hapa si kuusaliti msitu, maana mikoko ina tabia nzuri ambayo wapandaji huisahau: pale ambapo maji yanaingia na kutoka bila ya kuzibwa, na miti mama ipo karibu ikidondosha mbegu, msitu hujirudia wenyewe. Unachohitaji hapo ni watu wasikate, mbuzi wasiingie, na mkondo wa maji usifukiwe. Hayo ni makubaliano ya kijiji, na makubaliano hayahitaji fulana wala miche elfu kumi. Kikundi kinachoweza kumwambia mfadhili "mwaka huu hatupandi, tunalinda kilichoota" kitakuwa kimewaheshimu watu wake kiasi kwamba mwaka kitakapowaita, watakuja.

Mzee bado anaona nimekubali kushindwa mapema. Anasema kijiji kinachongoja fedha ili kimwagilie mche wake kimekwisha kusahau kisima kilifukuliwa vipi. Mama anasema kisima hakikufukuliwa siku ya bamvua. Wote wawili wamo kwenye kamati itakayopanga ratiba ya mwezi ujao, na jedwali la maji liko mezani kwao.